Mitokondria haijitengenezei protini zake zote

Kwa kuwa mitokondria, sehemu ya seli inayozalisha nishati, ina DNA yake, wengi hudhani inajitosheleza kwa protini. Sivyo. Kwa binadamu, DNA hiyo hubeba maelekezo ya protini 13 tu. Nyingine, zaidi ya 1,000, hutengenezwa na ribosomu (mashine za seli za kuunda protini) zilizo nje yake, kisha huingizwa.

Wala haziingii kiholela. Nyingi huwa na kipande cha mwanzo chenye asidi amino (vijenzi vya protini) 15 hadi 50 hivi na chaji chanya: hicho ndicho kitambulisho. Lango la TOM kwenye utando wa nje hukipokea na kukikabidhi kwa lango la TIM23 kwenye utando wa ndani. Hapo umeme wa utando, ulio hasi upande wa ndani, hukivuta. Halafu protini ya Hsp70, ikitumia ATP (molekuli ya nishati), huvuta sehemu iliyobaki. Mwishowe kimeng'enya hukata kitambulisho na protini hujikunja.

Tundu ni jembamba, ndiyo maana protini iliyokwisha kujikunja hukwama. Maabarani, unganisha kitambulisho na kimeng'enya cha DHFR, ongeza methotreksati (dawa inayoshikamana na DHFR): DHFR hukazwa isikunjuke, nayo huziba lango kama kizibo. Ukitia kemikali ya CCCP, umeme wa utando hupotea na protini hubaki nje, hata ATP ikiwa tele.