Kuridhika ni nini, na pesa inaingiaje?

Kuridhika ni hali ya mtu anayeona kwamba alicho nacho kinatosha kwa mambo anayoyathamini, wala hangoji kuona kwa jirani kuna nini ndipo ajue kama maisha yake ni mazuri. Hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, hali hii huchanganywa sana na kukata tamaa, na mchanganyo huo huwaumiza maskini zaidi ya wengine wote.

Chukua mama anayeuza makala (mkaa) mtaani Katuba, ambaye hajui kama jioni atapata unga wa bukari (ugali). Huyo ukimwambia aridhike, aridhike na nini? Kwake pesa na furaha viko karibu sana: pesa ni chakula, dawa, kodi ya nyumba na masomo ya watoto. Huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, familia maskini zilipewa pesa taslimu bila masharti. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walieleza mwaka 2016 kwamba familia hizo zilikula vizuri zaidi, na furaha yao pia ilipanda. Wala sioni la kushangaza hapo.

Ubishi unaanza mtu akishashiba. Mwaka 2010 watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton waliandika kwamba nchini Marekani furaha ya kila siku huacha kuongezeka mapato yakifika karibu dola 75,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 mtafiti mwingine, Matthew Killingsworth, akapata tofauti: inaendelea kupanda. Badala ya kurushiana maneno, Kahneman na Killingsworth walikaa na mtafiti Barbara Mellers wakaipitia data pamoja, na mwaka 2023 wakatoa jibu. Kwa watu wengi furaha huendelea kupanda. Inayokwama ni ya wale wasio na furaha kabisa: kwao pesa hupunguza taabu mpaka kiwango fulani, kisha haisaidii tena. Msiba, kwa mfano, haulipiki.

Tena kupanda kwenyewe ni kwa taratibu. Dola 100 kwa anayepata dola 100 ni jambo kubwa. Kwa anayepata elfu kumi, huenda hata asizione.

Mji wetu una somo lake. Kwa miaka mingi mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, hakupewa mshahara tu; alikuwa na posho ya unga, hospitali, shule ya watoto, na heshima mtaani. Kampuni ilipoanguka mishahara ikakatika, na kuanzia mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi elfu kumi waliondoka kwa mpango wa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia, kila mmoja na malipo yake ya mkupuo. Kwa wengi pesa hiyo haikudumu. Nadhani hata kama ingekuwa nyingi zaidi, isingerudisha kile walichokuwa wanakitegemea: kujua kwamba mwezi ujao mfuko wa unga utakuja. Sehemu kubwa ya kuridhika ni uhakika wa namna hiyo, na ndiyo maana hata mfanyabiashara tajiri anayelala akiwaza madeni hana kuridhika.

Kinachobomoa kuridhika hata penye uhakika ni mazoea. Zamu yako ya likelemba (mchango wa kupokezana, kama upatu) ikifika unafurahi, unanunua televisheni, na baada ya muda inakuwa televisheni tu. Kisha unapita mtaa wa matajiri wa Golf, unaona mageti yale, na nyumba yako ya mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, inaanza kuonekana ndogo ingawa haijapungua hata tofali moja.

Aliyeridhika, basi, anaweza kabisa kudai nyongeza ya mshahara, kufungua duka la pili, hata kwenda Kolwezi, mji wa migodi, kutafuta. Tofauti ni kwamba akikosa, siku yake haiharibiki yote. Na bosi anayemhubiria kuridhika mtu ambaye hajamlipa miezi mitatu anazungumzia kitu kingine kabisa.