Uraibu ni nini, na kwa nini arosto ikiisha wenyewe bado upo

Mtaje kijana anayetumia unga, yaani heroini, pale Mwanjelwa, Mbeya, wengi watakuambia, "Huyo teja, kajitakia." Mara ya kwanza pengine alijitakia kweli. Uraibu ni kinachokuja baadaye: ubongo umebadilika, mtu anaona wazi anaangamia na bado anatumia.

Ubongo una namna ya kutufundisha kipi kirudiwe. Mwenye njaa akipata ugali wa moto na maharage, ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini, kama kusema: hiki kizuri, kitafute tena. Heroini hupita njia hiyohiyo kwa nguvu ambayo chakula hakina. Ikifika ubongoni hugeuka mofini, ikalegeza breki zinazoizuia dopamini. Pombe, bangi na sigara nazo huishia humo, kila moja kwa mlango wake.

Ubongo ukizidiwa hujikinga kwa kupunguza usikivu. Ndipo kete moja haitoshi tena, na raha za kawaida, mpira, chai ya jioni, hata mwanawe kumkimbilia, hazimgusi. Ni kama aliyeota jiko tangu alfajiri ya Juni kule Uyole: akitoka nje, baridi humkata kuliko wenzake. Akikosa unga huja arosto: jasho, kuhara, mifupa kuuma, usingizi kupotea.

Hapa familia nyingi hukosea, na ndilo ninaloomba lieleweke. Kijana hupelekwa kijijini, Rungwe au Ileje, akafungiwa ndani. Baada ya wiki hivi arosto inaisha, anakula, ananenepa. "Amepona." Kumbe uraibu ni kumbukumbu, nayo imebaki. Akirudi mjini akapita karibu na kijiwe chake cha zamani, hamu inamvaa kabla hajagusa kitu. Na akitumia kiasi kilekile cha zamani, mwili uliokwisha kupoteza uzoefu unaweza kuacha kupumua.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina kliniki ya methadoni, tiba ambayo nchini ilianzia Muhimbili mwaka 2011. Ni dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu. Hushika palepale uliposhika unga, ila taratibu, kwa siku nzima na zaidi, hivyo arosto hutulia na kijana anaweza kurudi kazini. Majirani husema kabadilisha ulevi mmoja kwa mwingine. Sivyo. Ubongo hujifunza upya kwa miezi, mara nyingi miaka, na anayeinywa hata mwaka wa tatu bado yuko kwenye matibabu.