Huyo Juu ya Kifuniko Si Lazima Awe Marehemu

Nimetumiwa tena picha ya sanduku la Volterra, mji wa Italia uliokuwa wa Waetruski (watu wa kale wa huko), na swali lile lile: "Kumbe Waetruski walikuwa vibeti wenye vichwa vikubwa?" Hapana, jamani.

Lile ni sanduku la majivu ya marehemu, na aghalabu halifiki hata mita moja. Juu ya kifuniko mchongaji anatakiwa kumlaza mtu mzima, yuko karamuni, ameegemea kiwiko cha kushoto. Kichwa ndicho kitakachotazamwa, kwa hiyo hakiguswi. Kinachofupishwa ni kiwiliwili, na miguu inapotelea ndani ya nguo. Vibeti wameishia hapo.

Linaloniudhi hasa ni dai kwamba sanamu hiyo ya kifuniko ni "sura halisi ya marehemu". Ukingoni mara nyingi huandikwa jina na umri. Soma umri huo, kisha mtazame usoni: mzee kamili, lakini mashavu laini kama ya bwana harusi! Karakana za karne ya 3 hadi ya 1 KK zilikuwa na mikao yake: mwanamume na patera (bakuli bapa la sadaka), mwanamke na kipepeo cha kujipepea, kioo au komamanga. Jina ndilo lililomtofautisha huyu na yule. Mnanijibu, "Na wale wenye makunyanzi?" Makunyanzi nayo yalikuwa na fasheni yake.

Hata hivyo, siapi. Jeneza la Seianti Hanunia Tlesnasa, mwanamke wa Kietruski, lililoko British Museum, ni la udongo wa kuchoma, si jiwe, ila mifupa yake ilibaki. Wataalamu waliiona kuwa ya mwanamke wa miaka 50 hivi. Kifuniko kinaonyesha mwanamke mbichi zaidi. Wapo wanaouona uso wake mle, amepunguziwa miaka tu. Mimi siku nyingine nauona, siku nyingine siuoni.

Tena mnabishania uso bila kuuliza kama kifuniko ni cha sanduku hilo! Makaburi yalipofukuliwa karne ya 18 na 19, vifuniko vingi vilitenganishwa na masanduku yake, vikaja kuoanishwa kwa kukisia. Huenda mnamlilia Larth fulani juu ya majivu ya jirani yake.

Na wale wanaonishauri niyasugue masanduku haya kwa maji na sabuni yang'ae: alabasta ya Volterra, jiwe lililochongwa masanduku haya, ni jasi. Ukucha unaikwaruza, maji yanaila, na huo "uchafu" mwekundu mnaouona kwenye mikunjo ya nguo ni rangi ya mchongaji.