Mkataba umeandika "sio mwajiriwa", je ndo imeisha hivyo?

Watu kibao wanaopiga kazi za kujitegemea hapa Bongo, madizaina, waediti video, wanaosimamia peji za makampuni, madereva wa apu, deiwaka wa bodaboda, wanaamini kwamba ukishasaini karatasi inayosema wewe ni mkandarasi huru basi haki za mfanyakazi zimekupita, huna likizo, huna NSSF, ukiambiwa kesho usije ndo yameisha. Sio kweli. Na mabosi wengi wanapenda sana muendelee kuamini hivyo.

Tuanze na maana yenyewe. Frilansa, yaani huyo mkandarasi huru, ni mtu mwenye biashara yake hata kama ofisi ni simu tu, na anayempa kazi ni mteja. Mwajiriwa ni mtu anayemfanyia kazi bosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haijaishia kwa yule mwenye mkataba wa ajira peke yake, inamchukua pia mtu aliyeingia mkataba mwingine wowote wa kufanya kazi yeye binafsi, ilimradi anayemfanyia sio mteja wa biashara au taaluma yake. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili, huyu anayenilipa ni mteja wangu au ni bosi wangu?

Sasa utamu uko kwenye sheria nyingine ya mwaka huohuo, Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 61. Kinasema mtu anayemfanyia mwenzake kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, haijalishi mkataba umeandikwaje, kama kuna hata kigezo kimoja kati ya hivi: unaelekezwa namna ya kufanya kazi, muda wako wa kazi unapangwa na yeye, uko ndani ya mfumo wa taasisi yake, umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita, unamtegemea yeye kiuchumi, vifaa vya kazi ni vyake, au unamfanyia yeye peke yake. Soma tena hapo kwenye kimoja. Na saa 45 kwa mwezi ni kama saa 10 na ushee kwa wiki, sio nyingi kihivyo.

Chukua mdada anayedizaini matangazo ya kampuni fulani. Mkataba unasema "mtoa huduma", kila mwezi anatuma invoisi, lakini saa mbili asubuhi lazima awe ofisini, laptopu ni ya kampuni, akichelewa anaandikiwa barua ya onyo na kazi za nje kakatazwa. Mteja gani anakuandikia onyo? Huyo akifika mbele ya msuluhishi, kampuni ndo yenye kazi ya kuthibitisha kwamba sio mwajiriwa, sio yeye.

Ila sio kila kesi ni nyepesi hivyo. Dereva wa boda anayepeleka hesabu jioni, pikipiki ni ya tajiri na anaendesha hiyo tu, vigezo viwili hivyo tayari, lakini tajiri atasema mimi simpangii saa, abiria ni wake, mimi nakodisha chombo tu. Hapo kuna ubishi wa kweli. Na kama ni pikipiki ya mkataba, unalipa mpaka inakuwa yako, mimi naona ajira inazidi kuwa mbali.

Kwenye apu, mfano mzuri uko Uingereza. Februari 2021 Mahakama ya Juu kule iliwapa ushindi madereva wa Uber, kampuni ilikuwa inawaita wakandarasi huru, majaji wakaangalia nani anapanga nauli, nani anaweka masharti, nini kinatokea ukikataa abiria mara nyingi, wakaona hapana, hawa wanastahili kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Hukumu hiyo haiwabani majaji wetu lakini hoja zake zinafanana sana na kifungu cha 61.

Ukitambuliwa kuwa mwajiriwa unapata nini? Likizo ya mwaka siku 28 za malipo, uzazi siku 84, ugonjwa hadi siku 126 ndani ya miezi 36 (nusu ya kwanza mshahara kamili, nyingine nusu mshahara), ovataimu, mchango wa NSSF, na kutoachishwa bila sababu ya msingi japo hii ya mwisho na hizo likizo za malipo zinataka uwe umefikisha miezi sita kwa mwajiri huyohuyo. Frilansa wa kweli hana hayo, ana mkataba wake na mahakama za kawaida za madai, NSSF anajichangia mwenyewe kwa hiari. Haya yote ni ya Bara lakini, Zanzibar wana sheria yao ya ajira ya 2005.

Kwa hiyo tunza ushahidi. Meseji za WhatsApp za "uko wapi mbona hujafika", miamala ya malipo ya kila mwezi, kitambulisho cha kazi, ratiba ya zamu. Halafu angalia sana muda, mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi tunaita CMA, ndani ya siku 30 kwa kujaza Fomu Namba 1, madai mengine siku 60. Wengi wanakaa wanasubiri "nitakupigia" ya bosi, wanaenda mwezi wa tatu, hapo inabidi uanze na Fomu Namba 2 kuomba usikilizwe nje ya muda, na utoe sababu inayoeleweka ya kuchelewa.