Mita 50 chali: mbio za kwenda usikokuona

Jumamosi moja nilikuwa nimeketi kando ya kidimbwi cha shule moja hapa Nairobi, nikimsubiri mpwa wangu aitwe. Mzee tuliyekuwa naye kwenye benchi, aliyemleta mjukuu wake, akanionyesha kamba iliyopita juu ya maji.

"Kijana, hivi vibendera ni vya sherehe gani?"

"Si vya sherehe, mzee. Hivyo ndivyo macho ya wanaoogelea chali."

Ilibidi nimweleze, na tangu siku hiyo nimegundua si yeye peke yake anayejiuliza. Wengi wetu tunaona mashindano ya dunia kwenye runinga, wanaume wanane wamelala chali, maji yanaruka, na kabla hujaweka kikombe chini mshindi keshapatikana. Kwa wanaume, rekodi ya dunia ya mita 50 chali katika kidimbwi kirefu, yaani cha mita 50, ni sekunde 23.55, aliyoiweka Mrusi Kliment Kolesnikov mwaka 2023. Ni zaidi ya mita mbili kila sekunde, na mtu anatazama dari.

Kanuni yenyewe ni nyepesi: ondoka ukutani ukiwa chali, ogelea chali, gusa ukuta ukiwa chali. Mwili unaruhusiwa kuyumba upande huu na ule mikono inapopokezana, mradi usifike nyuzi 90. Kichwa hakihesabiwi; geuza utakavyo. Na kwa kuwa kidimbwi kirefu kina mita 50 kamili, hakuna kugeuka. Ni kwenda tu.

Tofauti ya kwanza utaiona mwanzoni. Katika mitindo mingine waogeleaji huruka kutoka juu ya jukwaa. Hawa wa chali huanzia majini. Filimbi ndefu ya kwanza inawaingiza kidimbwini, ya pili inawarudisha ukutani. Wanashika vishikio, wanakunja magoti, nyayo ukutani, kama mtu aliyechuchumaa juu ya ukuta uliosimama. Zamani miguu iliteleza, na ukiteleza hapo mbio zako zimekwisha. Siku hizi kuna kibao kidogo cha kukanyagia kinachoning'inizwa ukutani. Katika mashindano ya dunia kilianza kutumika Doha mwaka 2014. Hata hivyo, walau kidole kimoja cha kila mguu lazima kiguse ukuta wenyewe.

Mlio ukipigwa wanajirusha kinyumenyume na kupotea chini ya maji. Hapo ndipo penye utamu, ingawa ndipo mtazamaji haoni kitu. Mikono imenyooshwa juu ya kichwa, kiganja juu ya kiganja, na mwili mzima unapinda na kunyooka kama pomboo. Chini hakuna mawimbi ya kumpunguza kasi, kwa hiyo mwenye teke zuri la pomboo hukimbia kuliko anayepiga mikono juu. Mmarekani David Berkoff alilijua hilo mapema. Kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 alivunja rekodi ya dunia ya mita 100 katika mchujo akitumia ujanja huo, akiogelea zaidi ya mita 30 bila kuibuka. Fainali ikachukuliwa na Mjapani Daichi Suzuki, naye kwa ujanja uleule. Wakubwa wa mchezo wakaona mbio za chali zinageuka mbio za nyambizi, wakaweka mpaka. Leo kichwa lazima kiwe kimetokeza kufikia mita 15. Kwangu mimi, mita 15 kati ya 50 bado ni fungu nono, na aliyeibuka nyuma hapo huwa ana kazi ngumu sana ya kulipa deni.

Sasa vile vibendera. Vinatundikwa mita tano kutoka kila ukuta. Matatu ikirudi nyuma stendi, dereva haoni kitu. Makanga hugonga bodi kumwambia bado, bado, hapo! Kibendera ndiye makanga. Mwogeleaji akikiona kimepita usoni, anaanza kuhesabu mikono aliyoizoea mazoezini, kisha anajitupa nyuma kunyoosha mkono. Akihesabu vibaya, ama ataelea akipoteza muda, ama atagonga. Mpwa wangu aliwahi kugonga, katika kidimbwi kingine ambako walisahau kutundika kamba. Uvimbe utosini ulikaa siku nne na mama yake hakunisemesha kwa siku hizo zote.

Huko kugusa kuna kesi yake. Budapest, mwaka 2022, fainali ya dunia ya mita 50: Justin Ress sekunde 24.12, Mmarekani mwenzake Hunter Armstrong 24.14. Waamuzi wakamwondoa Ress kwa kuwa alizama mwili mzima alipokuwa akigusa. Rufaa ikakatwa, akarudishiwa dhahabu. Mwaka uliofuata kanuni ikalegezwa: kichwa kikishapita alama ya mita tano za mwisho, unaweza kuzama kabisa. Naiona ni haki, kwani anayejitupa nyuma kwa nguvu zote atazama, atake asitake.

Mzee akaniuliza mbona hajawahi kusikia medali ya Olimpiki ya mbio hizi. Hajakosea. Mashindano ya dunia ya kidimbwi kirefu yamekuwa nazo tangu Fukuoka mwaka 2001, lakini Olimpiki ya chali imebaki na mita 100 na 200. Mita 50 zitaingia kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028, pamoja na za kipepeo na za kifua. Nikamkumbusha kijana wa hapahapa Nairobi, Jason Dunford, aliyeshinda dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Delhi mwaka 2010. Mbio alizotamba nazo hazikuwa na nafasi Olimpiki enzi zake.

Spika ikaita kundi la mpwa wangu. Akaingia majini, akashika vishikio, akatazama juu kuhakikisha kamba ipo. Kutoka kwenye vibendera hadi ukutani yeye huhesabu mikono sita. Mzee alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa sauti kabla hata mlio haujapigwa.