"Indefinitely" si milele

Dhana: Kitu kikisimamishwa "indefinitely", kimekwisha kabisa.

Ukweli: Neno hili la Kiingereza linasema jambo moja tu: tarehe ya mwisho haijapangwa. Mwisho unaweza kuja kesho, mwakani, au usije. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa "indefinitely" Aprili 2016 baada ya vurugu za uchaguzi wa wanafunzi, na mwaka huohuo kikafunguliwa. Magazeti ya Kiswahili huandika "kwa muda usiojulikana", na ndiyo tafsiri ya kushika. Anayeandika "milele" anawatisha watu bure.

Dhana: Mkataba wa ajira usiotaja mwisho ni kazi ya maisha.

Ukweli: Hapa kosa linaumiza. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, mkataba wa muda usiotajwa huvunjwa kwa notisi: angalau siku 7 ukiwa bado katika mwezi wa kwanza, na baada ya hapo angalau siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kwa aliyetimiza miezi 6, mwajiri lazima pia awe na sababu halali na afuate utaratibu. Kinga yako ni hiyo, wala si kukosekana kwa tarehe.

Ndivyo ilivyo pia kwa kibali cha kuishi Uingereza kiitwacho "indefinite leave to remain". Hakina tarehe ya kuisha, lakini kwa kawaida hupotea ukikaa nje ya nchi zaidi ya miaka 2 mfululizo.

Dhana: "Indefinitely" na "infinitely" hubadilishana.

Ukweli: La. "Infinitely better" ni bora mno, bora kupita kiasi. Hapo hakuna habari ya muda.

Dhana: Unaweza kuliongezea tarehe.

Ukweli: "Postponed indefinitely until 5 May" (imeahirishwa kwa muda usiojulikana hadi 5 Mei) inajipinga yenyewe. Ukijua siku, itaje na ulifute neno hilo. Kama hujui, liweke baada ya kitenzi: "The match was postponed indefinitely." Na katikati ya tahajia ni "-finite-", si "-finate-", kosa linaloonekana hata kwenye barua za ofisi.

Kuna mahali neno hukaribia kweli kutokuwa na kikomo. Wizara ya Kilimo ya Marekani husema chakula kilichogandishwa kwa nyuzi -18 za Selsiasi hubaki salama "indefinitely", kwa kuwa bakteria hawazaliani katika baridi hiyo. Usalama tu, lakini: ladha na ulaini hupungua, na nyama ya kusaga ni vizuri iliwe ndani ya miezi 3 hadi 4.