Maana ya diakonia

Matangazo ya ibadani siku hizi: "Wapendwa, Jumamosi tuna diakonia. Tukutane usharikani saa mbili, sare ni kitenge cha mwaka huu." Inakodiwa Coaster, inapakiwa mchele, sukari, mafuta na sabuni za mche, na msafara unaelekea kituo cha watoto yatima Mbagala au Kigamboni. Picha zinapigwa za kutosha. Saa nane watu wamerudi, na diakonia imekwisha mpaka Krismasi.

Sina ugomvi na mchele, wala na kitenge. Tatizo ni jina.

Diakonia ni huduma ambayo Mkristo au usharika humpa jirani mwenye shida kwa sababu ya imani: mgonjwa, mjane, mfungwa, mzee asiye na mtu. Neno ni la Kiyunani, na hapa Dar utalisikia zaidi kwa Walutheri wa KKKT. Wakatoliki wana Caritas na jumuiya ndogondogo kwa kazi hiyohiyo. Maana ndiyo hiyo, haina fumbo.

Kinachosahaulika ni kisa cha Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa likigawa chakula, na wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wakawa wanarukwa. Biblia inauita mgao ule "huduma ya kila siku". Kila siku, si kila Krismasi. Halafu yakaja manung'uniko, na mitume hawakuwaambia wanung'unikaji washukuru kwa kidogo. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba, na ukiyasoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani. Inaelekea mgao ulikabidhiwa upande uleule uliokuwa ukilalamika! Sasa jiulize, katika zile safari zetu, nani aliwahi kumpigia simu mlezi wa kituo kabla ya kununua vitu? Huenda sukari anayo ya kutosha, anachokosa ni bima ya afya ya watoto.

Kisa hichohicho ndicho watu hukitumia kudai kwamba diakonia ni kazi ya wasiojaliwa kuhubiri. Mitume si walikataa kuliacha Neno la Mungu ili "kuhudumu mezani", yaani kugawa chakula? Walikataa kuacha kazi yao, hawakuidharau ya wenzao. Katika Kiyunani, huduma ya meza na huduma ya Neno zinatajwa kwa neno hilohilo moja. Tena Stefano, mtu wa meza, alihubiri mbele ya Baraza la Wayahudi mpaka akapigwa mawe, na Filipo akaipeleka Injili Samaria. Kwa hiyo mzee wa kanisa anayeiachia kamati ya akina mama diakonia yote, yeye akabaki na kipaza sauti, asijifiche nyuma ya sura ya 6.

Na diakonia yenyewe ipo mitaani kwetu, sema haitangazwi. Yupo anayemsindikiza jirani hospitali ya Mwananyamala alfajiri, akakaa naye kwenye foleni hadi dawa zipatikane. Yupo anayeshinda na bibi aliyepooza ili binti yake akafungue genge. Mto Msimbazi ukifurika, wapo watu wa Kigogo wanaopokea magodoro na watoto wa jirani bila kuuliza kama ni wa msikitini au wa kanisani. Yule Msamaria wa Luka 10 naye hakuuliza dini. Alilipa dinari mbili, kisha akamwahidi mwenye nyumba ya wageni kwamba akirudi atalipa kitakachozidi.

Basi, mtangazaji akisema Jumamosi tuna diakonia, msimkatize. Mwambieni baada ya ibada, kwa upole, kwamba "tunakwenda kuwatembelea watoto" inatosha kabisa. Wakifika huko, amuulize mlezi warudi lini, na waje na nini.